Data ya Jumapili Tu

Mkuza, Kibaha

Faraja mwanangu,

Pokea salamu za baba yako, ingawa asubuhi tumekunywa chai pamoja na baadaye tutakula sahani moja. Najua ni kichekesho kumwandikia barua mtu ambaye kesho nitambebea begi mwenyewe mpaka stendi. Lakini wiki nzima nimejaribu kusema nawe, na kila nikifungua mdomo inatoka habari ya sweta, au ya kufuli la begi. Kwa hiyo leo nimemwambia Athumani atangulie, kwamba mimi nina mguu wa kitanda wa kumalizia, nimebaki karakana peke yangu. Kitanda hakipo. Utanisamehe kwa unga wa mbao utakaoukuta kwenye mikunjo ya karatasi.

Ni lile neno ulilosema jana wakati wa kula.

Uliweka kijiko chini, ukasema kwa upole wako ule, "Baba, nimeshapanga. Nikifika chuoni Mpanda, data nitakuwa nawasha Jumapili tu, baada ya ibada. Siku nyingine nazima. Bando litanifikisha mwisho wa mwezi, na wewe hutapata tabu." Kisha ukaendelea na mchicha wako. Mimi nikasema, "Sawa, mama." Nikatoka nje kama naenda kufunga kuku, na kuku ulikuwa umeshawafunga wewe.

Sikuwa sawa, Faraja. Nilishika ukuta wa banda nikajaribu kuomba, sala haikutoka. Maana maneno yale si yako. Ni yangu. Mimi ndiye niliyeyaleta katika nyumba ile, na wewe umeyabeba mazima mazima, hata sauti uliyoyasemea ni yangu. Nikaona mtoto wangu anaondoka na kitu kimoja tu alichorithi kwa baba yake, nacho ni kile kilichotuua.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Ulikuwa bado mdogo nilipoinunua ile simu ya kupangusa. Niliihitaji kwa kazi. Wateja walikuwa wameacha kuja na maelezo, kila mmoja anataka kukutumia picha ya mlango aliouona kwa jirani yake. Bando la kwanza liliisha hata sijafungua picha za milango miwili. Nikajiunga tena, likaisha. Nikaenda na hasira kwa dada Mwanaidi, yule wa kibanda cha vocha, nikamwambia nimeibiwa.

"Baba Faraja, hujaibiwa," akasema. "Upo kwenye magrupu mangapi?"

Nikamtajia: la kwaya, la wazee wa kanisa, la ukoo wetu wa Same, la mafundi wa Kibaha.

Akacheka mpaka akaegemea kaunta. "Kila video ya maombi wanayorusha humo, simu yako inaipakua, hata kama huitazami. Baba, unawalipia watu wote mahubiri yao!"

Akanionyesha pa kuzima. Video zisijipakue zenyewe, picha vivyo hivyo, na zile programu zinazokunywa data kimyakimya wakati mimi napiga randa, nazo zifungwe. Bando lilelile lililokuwa halifiki Jumatano likaanza kufika Jumapili na kubaki. Hilo lilikuwa jema, na mpaka leo nasema ni jema. Shida ni kwamba nililipenda mno. Nilijiona nimegundua kitu. Nikaona, kama kuzima video kumeleta nafuu, kuzima data yenyewe kutaleta zaidi. Nikawa nawasha jioni tu, nikisharudi nyumbani, naangalia yaliyoingia, najibu, nazima.

Na mimi nawe tunajua jinsi ninavyopenda kukipeleka kila kitu kanisani. Nikaanza kuuita mfungo wa data. Nilisimama kwenye kikao cha wazee wa kanisa nikashuhudia jinsi nilivyopata utulivu, jinsi ninavyosali bila kushtuliwa. Wazee wenzangu wakatikisa vichwa kwa kupendezwa, nami nikakaa chini nimejaa. Athumani, ambaye yeye na msikiti wake hana habari na vikao vyetu, ndiye aliyenipa jina. Kila asubuhi akiingia hapa: "Shikamoo, Mzee Oflaini!" Nami naitikia "Marahaba" kwa kujidai, kama niliyepewa cheo.

Mama yako alikuwa na lake. Alikuwa anawaambia wenzake wa kwaya, "Huyu mume wangu, hata malaika akimjia na habari, atamwambia tuma, nitafungua jioni." Tulicheka. Wewe ulicheka zaidi yetu, ulikuwa na chai mdomoni ikakutoka puani. Sijawahi kuisahau chai ile.

Mvua zilipokaribia akaenda Maneromango kumsaidia bibi yako kupanda. Hukwenda kwa sababu ya shule. Nilimwekea bando la intaneti tupu, lisilo na dakika wala meseji, kwa kuwa ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote. Nikamwelekeza palepale mlangoni, mzigo uko kichwani mwake. Nikamwambia, "Mama Faraja, haya mambo ya kupigiana simu kila saa tuyaache. Ukiwa na neno, tuma sauti. Nitaisikiliza jioni."

Akaniuliza, "Na likiwa neno la haraka?"

Nikamjibu, na Mungu ananiona ninavyoandika hapa, nikamjibu, "Shamba la mihogo lina haraka gani?"

Akacheka. Akasogeza mzigo, akaenda.

Siku yenyewe unaijua. Ila upande wa karakana huujui, maana ulikuwa shuleni. Mchana ulikuwa haujafika, akaja mteja mmoja anataka mlango wa mbele. Akasema, "Fundi, picha nimekutumia tangu jana. Hebu ifungue uone." Mkono wangu ulishakwenda mfukoni. Simu niliishika, Faraja. Niliishika nikaitoa. Kisha nikaona haifai kuvunja utaratibu kwa ajili ya mlango, nikairudisha, nikaokota kipande cha ubao wa mninga na penseli. Nikamwambia, "Nichoree hapa. Hii haitumii bando." Mteja akacheka, Athumani akacheka, mteja akachora. Alikuwa na mkono mzuri, akachora mpaka maua ya juu ya mlango. Nami nimesimama namwangalia, nimefurahi na utani wangu. Wakati huo mama yako ameketi nje kwa bibi yako ameshika tumbo, na gari la mihogo lilikuwa bado halijaondoka.

Ubao ule haukuwa mlango kamwe. Upo hapa nyuma ya kabati la vifaa, umegeuzwa uso ukutani. Kila nikifagia naukuta. Sina moyo wa kuukata wala wa kuuchoma.

Jioni nikarudi. Wewe ulikuwa unachambua mchele kwenye ungo, karibu na mlango, pale penye mwanga. Nikakaa, nikavua viatu, nikawasha data kwa madaha yangu yale. Simu ikatetemeka, ikaendelea kutetemeka. Nikakwambia, "Leo mama yako ana maneno." Nikabonyeza ya kwanza, nikaongeza sauti ili na wewe umsikie. Zilizobaki zikafuatana zenyewe.

Nitaziandika, kwa kuwa hatujawahi kuzitamka mimi nawe tangu jioni ile, na mtu hawezi kubeba kitu peke yake wakati walikisikia wawili.

"Baba Faraja, habari za kuamka. Tumbo limenishika tangu jana, si lile la siku zote. Hapa kuna gari la mihogo linaondoka mchana, dereva anasema atanikalisha mbele mpaka hospitali Kisarawe. Ila anaogopa kubeba mgonjwa bila kusikia kwa mwenyewe. Ongea naye basi. Haya."

Halafu ile nyingine, anacheka kidogo: "Dereva anauliza tena. Nimemwambia mwenyewe hajawasha. Anasema mume gani huyo."

Halafu: "Gari limeondoka. Si neno. Nitakunywa maji ya moto nilale. Huku wingu limejaa."

Halafu ile yenye mvua. "Washa data, mume wangu."

Na ya mwisho, ambayo nadhani aliibonyeza bila kujua, maana hasemi na sisi. Inasikika mvua kwenye bati, na bibi yako anauliza, "Hajajibu?" Na yeye anamwambia, "Atajibu. Jioni anawasha."

Ulikuwa umeacha kuchambua. Hukulia. Ulisema, "Baba, mpigie." Na mimi nilikuwa bado naitazama simu nikisubiri iendelee.

Safari yenyewe sina haja ya kukusimulia. Barabara ya Maneromango na mvua unaijua. Gari la kuazima lilikwama, tukasukuma, likakwama tena, nikafika kumeshapambazuka. Alikuwa bado ananitambua. Kuna jambo moja la pale ambalo sijakwambia. Nilipopiga magoti kando yake aliniuliza, "Ulizisikia?" Nikasema, "Nimezisikia." Akasema, "Haya," kama mtu aliyefikisha salamu alizotumwa, akafumba macho. Hatukufika Kisarawe.

Nimeligeuza lile "Haya" kila upande. Kuna siku nalisikia kama ni msamaha. Kuna siku nalisikia kama ni uchovu tu. Mimi ni mzee wa kanisa, naongoza sala mbele za watu, lakini tangu mwaka ule nikifika pale pa kuomba tusamehewe makosa yetu sauti inakata. Waumini hudhani nimezidiwa na Roho. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jeneza alilitengeneza Athumani. Nilipotaka kushika randa alinishika mkono akasema, "Leo hapana, mzee wangu. Leo wewe kaa." Na tangu siku ile hajaniita Mzee Oflaini. Hajawahi kusema kwamba ameacha. Asubuhi niliyorudi kazini akasema shikamoo, akaishia hapo, na ile nafasi ya jina nikaisikia wazi kama jino lililong'oka.

Baada ya arobaini nilikwenda kumsalimia bibi yako. Aliniambia, tena si kwa ubaya, anamenya mihogo huku anasema, kwamba jirani mwenye simu yenye salio alikuwa ng'ambo ya bonde tu. Yeye alitaka kujifunika kanga aende akamwombe apige. Mama yako akamkataza. "Mama, usimsumbue mtu na mvua hii. Nimeshamtumia. Tazama, tiki moja hii hapa. Zikiwa mbili, imemfikia." Bibi yako hajui tiki ni kitu gani. Wakakaa wawili, mmoja anaitazama tiki, mwingine anamtazama mwanawe.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mimi nilikuwa najilaumu kwamba nilimkosesha njia ya kunipata. Ni baya kuliko hilo. Nilimpa njia iliyomfanya aone ameshanipata, akatulia. Asingekuwa na bando kabisa, angepiga kelele. Angemtuma mtu. Dereva wa mihogo angeombwa simu yake. Lakini alikuwa na bando, na mume aliyempa utaratibu, na yeye alikuwa mtu wa kuheshimu utaratibu.

Ile miezi iliyofuata unaikumbuka. Nilikuwa siizimi tena data, mchana wala usiku. Nililala na simu kifuani. Najiunga juu ya kujiunga, na zile video za maombi nikaziachia zijipakue zote, niliona hata kuizuia moja ni dhambi. Ikilia nashtuka, natazama, ni mtu wa kwaya anatuma picha ya maua yenye neno la asubuhi. Data ilikuwa inawaka, na aliyekuwa anatuma hayupo. Kisha siku moja ukanikuta hapa karakana umevaa sare za shule, ukasema, "Baba, nyumbani chumvi imeisha na wewe umejiunga bando." Hukungoja jibu. Ulichukua simu mkononi mwangu ukaanza kufunga: video, picha, programu za nyuma, kila kitu alichokuwa amenionyesha dada Mwanaidi, tena kwa vidole vyepesi kuliko vyake. Ukanirudishia. "Sasa itatosha."

Nilikuangalia nikaogopa. Nikasema moyoni, huyu amejifunza kwangu, na hakuna aliyemfundisha pa kuishia. Pale ndipo nilipotakiwa kukukalisha tuseme. Badala yake nikakuachia simu, nikakuachia bajeti ya nyumba, nikajificha nyuma ya kazi. Miaka yote hii tumeongea ada, tumeongea mihogo ya bibi, tumeongea nani ameimba vibaya. Ulipochagua uuguzi nilisaini fomu bila kukuuliza kwa nini. Nilijua kwa nini. Nilikosa ujasiri wa kukusikia ukisema.

Basi ndiyo maana jana sikuweza kula.

Nikuulize sasa, Faraja, na nakuomba unisamehe kwa kukuuliza kwenye karatasi. Hiyo Jumapili tu, ni bando, au ni mimi?

Maana nimekaa hapa nikifikiri, na naona mtoto asiyetaka kumsikia baba yake naye angepanga vilevile, kwa upole uleule. Asingegombana. Angesema bando ni ghali, angeniwekea siku moja kwa wiki, na mimi ningekosa hata la kulalamikia, kwa kuwa sheria ni yangu mwenyewe. Pengine nakuonea. Pengine wewe hesabu yako ni ya bando tu, na mimi ndiye ninayeona kivuli. Lakini siwezi kukuacha upande basi la Mpanda bila kuuliza, kwa sababu mara ya mwisho niliyemwacha aende bila kumsikiliza vizuri alikuwa na mzigo kichwani na alikuwa anacheka.

Kama ni mimi, una haki yako. Sitakudai msamaha, na usiniandalie mmoja wa haraka kwa kuwa safari imefika. Kasirika. Ila kasirika mahali ninapoweza kukusikia.

Na kama ni bando, basi bana. Sitaki nikutie hofu mpaka urudie ule wazimu wangu wa pili. Haya mambo wewe unayajua kuliko mimi: video zinazojicheza zenyewe ukiwa unapita tu, zima. Vitabu na masomo pakua kwenye intaneti ya chuo, na programu zijisasishe hukohuko. Magrupu usiyoyahitaji toka, hata la ukoo, shangazi zako nitawatuliza mimi. Usiku ukilala, data ilale. Sina ugomvi na hayo yote.

Ugomvi wangu ni mmoja. Data ni kitu kimoja na kupatikana ni kitu kingine, na mimi nilivichanganya. Kubana nilianza na video, nikaja kwenye picha, nikaja kwenye data, na mwisho nikawa nabana watu, na sikuona nilivuka wapi. Kwa hiyo unapojiunga, usipeleke salio lote kwenye intaneti. Bakiza la kawaida, hata liwe dogo, lisiguswe na kitu kingine, la kupiga simu mtu apokee na kukujibu saa ileile. Na ukituma ujumbe wa jambo linalokuuma, ukaona tiki moja, usikae nayo. Usiitazame. Inuka. Gonga mlango wa mwenzako, muombe mlinzi simu yake, mwamshe matroni, mkimbilie dereva. Uwe msumbufu, mwanangu. Mama yako alikuwa na adabu mno, na nani alimzidishia adabu ile ninamjua.

Usisubiri liwe kubwa ndipo ustahili kupiga. Nipigie kwamba ugali umeungua. Nipigie kwamba Mpanda kuna joto. Sitakuuliza tena katika maisha yangu shamba lina haraka gani.

Kesho ukifungua begi, ndani ya taulo la bluu utaikuta simu yangu ya kupangusa. Ya kwako kioo kimeshapasuka, na hii bado nzima. Laini yangu nimeitoa, nimeihamishia kwenye kitochi alichoniuzia dada Mwanaidi leo mchana. Alinishangaa. "Baba Faraja, watu wanapanda, wewe unashuka? Na picha za milango?" Nikamwambia, "Waje wanichoree." Akacheka. Mimi sikucheka, akaona, akanifungia kimyakimya kwenye mfuko.

Namba ni ileile. Simu ndiyo imebadilika.

Sauti za mama yako zimo humo ndani. Mimi sizihitaji kwenye simu, nazisikia nikipiga randa. Simu ikijaa futa milango, futa kwaya, futa picha zangu, zile ziache. Lakini nisikilize: usianzie kwenye zile tulizosikia. Pandisha juu, rudi nyuma, kwenye zile wiki zake za kwanza shambani. Zipo nyingi hujawahi kuzisikia. Anafanyia mazoezi sehemu yake ya wimbo akiwa anapalilia, anahema katikati. Ananiuliza kama umekula. Ananitania kuhusu malaika wangu wa jioni. Nilikuwa nazisikiliza kwa pamoja nimechoka, namkata kabla hajamaliza ili niwahi kuzima. Nyingine sikuzifikisha mwisho. Zisikilize wewe mpaka mwisho. Zimeshapakuliwa, hazitakugharimu bando. Yule ndiye mama yako, si ile jioni peke yake.

Mimi nabaki na kitochi. Hakina data ya kuwasha wala ya kuzima. Hakionyeshi tiki. Huwezi kunitumia sauti humu nikakwambia nitaisikia jioni. Kina kazi moja tu, kuita. Nitalala nacho karibu na kichwa, na hapa karakana msumeno ukinguruma kitakuwa kwenye mfuko wa shati, juu ya kifua, kinitetemeshe. Nimemwambia Athumani kikiita nami sisikii anipige bega. Akasema, "Nitakupiga na ubao, mzee." Ni mara ya kwanza tumetaniana kuhusu simu tangu yaliyotokea.

Sasa giza linaingia na wewe utakuwa umeshapika. Nitakuja nile, nitasema habari za sweta, nawe utanivumilia. Barua hii nitakupa mkononi basi likiwa limeshawashwa, ili usinijibu kwa kunionea huruma.

Mungu akutangulie, akukalishe salama, akurudishe salama. Mkipita Chalinze, uwe umeshasoma. Nipigie. Usitume kitu, piga. Kama jibu ni bando, niambie ni bando. Kama ni mimi, niambie ni mimi, nitapokea hivyohivyo. Na kama neno halitoki, usiseme, niache nisikie injini ya basi na kupumua kwako, hilo nalo ni salamu.

Mama yako alikaa siku nzima anaingojea tiki ya pili. Kesho ni zamu yangu kungoja.

Mimi baba yako,
Baba Faraja